Leo Nimemfukuza Papa Deo Mbele ya Mkewe

Wanakikundi, leo nimeaibika. Si ile aibu ndogo ya kukanyaga tope na viatu vya kanisani. Nimeaibika nikiwa nimeshika maikrofoni.

Naandika haya nikiwa jikoni kwangu Kilburn, bado nimevaa lile gauni la buluu nililowatumia picha yake asubuhi mkasema nimependeza. Futeni hiyo picha.

Kwa waliojiunga juzi: mimi ni Mwende. Mchana nafanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno, jioni nasoma vibonzo. Nina miaka hamsini na moja na sioni haya kusema hivyo. Kikundi hiki nilikianzisha mimi, na humu ndani mimi ndiye hakimu (hakuna aliyenichagua). Siku hizi mmenisoma nikitoa hukumu mfululizo. Kile kibonzo cha shujaa mwenye misuli mpaka masikioni nilikipa alama mbili, maana anapigana kurasa zote na hatujui anapigania nini, analala lini, wala nani anamfulia zile nguo za kubana. Kile cha Kijapani cha mashindano ya mapishi nilikisifu, ingawa tumefika kitabu cha saba na bado wanakatakata vitunguu. Na kile cha msichana anayekulia kwenye hosteli ya wakimbizi, kilichochorwa kwa rangi mbili tu, kijivu na chungwa, niliwaambia kilinifanya nipitilize kituo kwenye basi. Hicho bado nakisimamia. Vingine vyote nilivyowahi kusema, kuanzia leo mna ruhusa ya kuvitilia shaka.

Pia mnakumbuka nilivyomshughulikia Kibet. Maskini alisoma kibonzo cha Kijapani kuanzia kushoto, akaja hapa kulalamika kwamba hadithi haieleweki. Nilimwandikia maelezo marefu kama hotuba ya harusi. Vitabu vile huanzia kulia, nikamwambia. Unafungua upande unaodhani ni mwisho, na picha nazo unazisoma kutoka kulia kwenda kushoto. Nikamalizia kwa kumshauri awe anauliza kabla ya kuhukumu. (Kibet, endelea kusoma. Utafurahi.)

Basi. Hivi karibuni Halima alinipigia simu. Halima ni mwana wa Mombasa, na ndiye anayesimamia mduara wa wasomaji kule Peckham, katika ukumbi wa kanisa ulio nyuma ya saluni.

"Mwende dadangu," akaniambia, "kuna msichana wa Kikongo anaitwa Zawadi, amechora kitabu. Kinaitwa Viti. Hakina neno hata moja ndani yake, ni picha tupu. Tunamfanyia shughuli Jumamosi. Nataka wewe ndiye ufungue mazungumzo."

"Mimi?"

"Nani mwingine anayeyajua mambo haya?"

Hapo ndipo aliponipata. Mtu akishaniambia hivyo, hata kama kazi ni kupanda paa, napanda.

Nikakiazima maktaba. Jalada lake ni jeusi. Upande mmoja kumechorwa kiti kimoja, upande wa pili viti vingi vimebanana kama watu kwenye foleni. Jina la kitabu limeandikwa ubavuni tu. Kurasa hazina namba. Nilipopekua ndani nikaona macho makubwa, matone ya jasho yanayoruka, mistari ile ya kuonyesha mtu anakimbia. Mtindo wa Kijapani mtupu. Nikacheka peke yangu, kicheko cha mtaalamu. Mtu mwingine hapa angeanzia kushoto, nikajiambia. Nikakigeuza, nikaanzia kulia, kwenye viti vingi.

Hadithi niliyoisoma ni hii. Kuna karamu katika fleti ndogo. Nyumba imejaa watu, imejaa viti vya kila aina, mama wa makamo amevaa kitenge kizuri, kando yake bwana mwenye kitambi amevaa suti. Kisha watu wanaanza kuondoka. Majirani wanabeba viti vyao. Sweta iliyokuwa imekamilika, mama anaifumua mpaka inabaki uzi. Yule bwana mwenye kitambi anatolewa mlangoni akiwa na shada la maua mkononi. Picha inayofuata yuko kwenye korido na maua yake. Inayofuata yuko barabarani, ananyeshewa. Inayofuata yuko dukani, anamrudishia muuza maua maua yake. Ukurasa wa mwisho, mama amebaki peke yake katika chumba kitupu chenye kiti kimoja. Hajakikalia. Amesimama kando yake, anatazama dirisha.

Wanakikundi, nililia. Nikasema huyu msichana ni hatari. Amethubutu kuchora mwanamke anayesafisha nyumba yake mpaka anabaki na kiti kimoja na amani yake.

Siwezi kusema sikupewa dalili. Jirani mmoja alianza na mtoto mchanga mgongoni, kurasa chache mbele ana mimba. Nikajisemea, na huyu naye hapumziki. Samaki alikuwa ameiva kwenye sinia, halafu akawa kwenye kikaango, halafu akawa mbichi. Nikasema ni fumbo. Na watu waliokuwa wanaondoka, wote nyuso zao zilielekea ndani ya nyumba. Wanatoka kinyumenyume, mmoja mmoja, wanatabasamu. Hapo nilifunga kitabu kwanza nikatulia. Kisha nikaandika pembeni ya daftari: "Miili inaondoka, mioyo inabaki." (Niliona ni sentensi nzuri sana. Nilimsomea hata daktari wa meno.)

Nikakisoma tena, na mara ya tatu, kila mara kutoka kulia, kila mara nikiwa na uhakika zaidi.

Sasa hapa inabidi niwaeleze kuhusu Wekesa, maana bila yeye aibu hii ingeishia ukumbini. Wekesa ni dereva wa basi, anaishi Tooting, anaimba besi kwenye kwaya ya kanisa letu. Mke wake alifariki zamani. Kila Jumapili baada ya ibada huja kwangu, ananiletea ndizi za kupika, anakaa kwenye kochi huku mimi nasoma. Tatizo lake ni maswali. Anachungulia begani kwangu na kuuliza, "Huyu ndiye yule wa kule mwanzo?" Namjibu. Anageuza shingo. "Na huyu mwenye kofia?" Hajawahi kunitamkia neno la mapenzi, na mimi sijawahi kumuuliza ndizi zote hizo ni za nini.

Juzi Alhamisi alipita kunirudishia bakuli. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimefunga kile kitabu mara ya tatu. Kichwa kilikuwa kimejaa viti vinavyotolewa nje. Nikamwambia hapo hapo mlangoni, kwa sauti tulivu ya mwanamke aliyekombolewa, kwamba nimefikiri sana, kwamba ningependa Jumapili zangu ziwe zangu, na kwamba asichukulie vibaya.

Akanitazama. Akasema, "Sawa, Mwende." Akachukua mwavuli wake akaenda.

Nikafunga mlango nikajisikia shujaa. Nilitembea sebuleni nikitafuta kiti cha kutoa.

Ndipo ikafika leo.

Nilitoka mapema, nikaenda Peckham, nikatangulia kuingia ukumbini ili nikague mahali. Viti vya plastiki vimepangwa, maikrofoni iko tayari, ukutani kuna kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha. Karibu na mlango kuna meza yenye nakala za Viti zimepangwa vizuri kwa safu. Bwana mmoja mwenye kitambi, amevaa shati la kitenge, alikuwa anazinyoosha moja moja kwa kidole.

Nikaangalia. Nakala zote zilikuwa zimelazwa na upande wa kiti kimoja juu.

"Samahani," nikamwambia, "umezigeuza."

"Nimezigeuza?"

"Hivi vitabu vinaanzia upande huu." Nikachukua kimoja nikamwonyesha. "Watu wengi hukosea, usijali. Ni mtindo wa Kijapani."

Yule bwana alikitazama kitabu, akanitazama mimi, akatazama tena kitabu. Nikaona nimemchanganya, nikaamua kumsaidia. Nikavigeuza vyote, safu nzima, upande wa viti vingi juu. Yeye alisimama tu na mikono nyuma.

"Asante, dada," akasema kwa upole.

"Hakuna shida," nikamjibu. (Nilimpigapiga begani. Naomba mkumbuke hilo, kwamba nilimpigapiga begani.)

Ukumbi ukajaa. Wakenya wa kwetu, Wakongo wengi kutoka mtaani, wanafunzi, akina mama wa saluni waliotoka na taulo mabegani. Zawadi akaja akanisalimu. Ni msichana mrefu mpole, ana wino kwenye vidole. Alikulia hapa, kwa hiyo Kiswahili anakielewa chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Maneno yake nawaandikia kwa lugha yetu.

"Nimefurahi umekisoma," akaniambia. "Halima amesema umekisoma mara tatu."

"Mara tatu," nikasema. "Na kila mara kinaniumiza upya."

"Kinakuumiza?" akauliza, na nyusi zake zikasogeleana kidogo. Halima akatuita tukae.

Mstari wa mbele alikaa mama wa makamo mwenye kitenge, na kando yake yule bwana wa meza. Niliona wameshikana mikono. Nikafikiri, vizuri, hata wahudumu wamepata nafasi ya kukaa.

Halima akanikaribisha. Akanitaja kama mtu aliyesoma vibonzo vingi kuliko mtu yeyote anayemfahamu. Nikasimama.

Mwanzo nilikwenda vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Nilisema kitabu kinachonyima maneno kinamlazimisha msomaji atumie macho yake. Nilisifu mikono ilivyochorwa, kwamba kila mtu ana mikono yake, huwezi kuchanganya mikono ya jirani na ya mama. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikapata nguvu.

"Lakini ujasiri wa kitabu hiki," nikaendelea, "uko kwenye hadithi. Tumezoea hadithi za mwanamke anayetafuta watu. Huyu anawapunguza. Anaanza na nyumba iliyojaa, anaishia na kiti kimoja. Ni nani kati ya mama zetu aliyewahi kuruhusiwa kusema kwamba nyumba iliyojaa inachosha?"

Mama mmoja wa taulo akapiga makofi. Mwingine akasema, "Kweli kabisa." Niliwaona, na nikawapenda.

Nilimwona pia Zawadi, pembeni ya jicho. Alikuwa amefungua mdomo kama mtu anayetaka kupiga chafya. Nikadhani ameguswa.

"Tazameni anavyomtoa yule mwanamume," nikasema. "Hampigi kelele. Anamrudisha mlangoni, anamrudisha koridoni, anamrudisha kwenye mvua, mpaka maua yanarudi dukani. Mpaka dukani, jamani. Hataki hata harufu yake ibaki. Na ukimtazama yule bwana vizuri, na kile kitambi chake, unaelewa kwa nini."

Watu wakacheka. Nikacheka nao. Yule bwana wa meza alikuwa amejishika tumbo kwa mikono yote miwili, nikadhani ni kicheko.

Ningekaa hapo. Mtu mwenye akili angekaa hapo. Lakini maikrofoni ilikuwa mkononi na watu walikuwa wananipenda.

"Na mimi mwenyewe," nikasema, sauti ikishuka, "kitabu hiki kimenibadilisha. Juzi Alhamisi nilimwambia bwana mmoja asije tena kwangu. Mtu mzuri tu. Lakini nilipomaliza ukurasa wa mwisho, nikajua. Zawadi, nakushukuru. Umenipa kiti changu kimoja."

Makofi yalikuwa makubwa. Akina mama wa taulo walisimama. Nikainamisha kichwa kama wanavyofanya watu waliozoea.

Makofi yalipotulia, yule mama wa mstari wa mbele aliinua mkono. Halima akampelekea maikrofoni ya pili.

"Mutoto yangu," akasema, kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, taratibu, "umesema vizuri sana. Niko nakuuliza kitu moja. Ule bwana wa maua, unasema nilimufukuza?"

Nilisikia lile "nilimufukuza" lakini akili yangu haikulichukua mara moja.

"Anamfukuza, ndiyo mama," nikajibu. "Kwa heshima lakini."

"Miye sikumufukuza," akasema. "Miye nilimufungulia mulango. Tulioana. Huyu hapa."

Akainua mkono wa yule bwana wa meza. Yule bwana akasimama nusu, akanipungia. Lilikuwa shati la kitenge badala ya suti, lakini kitambi kilikuwa kile kile, kimechorwa kwa uaminifu mkubwa.

"Naitwa Papa Deo," akasema. "Miaka yote hii sikujua kama nilifukuzwa."

Nikamgeukia Zawadi nikiwa bado na tabasamu langu, maana sikuwa na kingine cha kuvaa.

"Mama Mwende," Zawadi akasema polepole, kama mtu anayemwambia mgonjwa habari, "ulianzia upande gani?"

"Kulia," nikasema. Na sauti yangu mwenyewe ndiyo iliyonieleza kila kitu.

Zawadi alibonyeza kitu kwenye kompyuta yake. Kwenye kitambaa cheupe ikatokea picha: chumba kitupu, kiti kimoja, mama amesimama kando yake akitazama dirisha.

"Huu ndio ukurasa wa kwanza," akasema. "Nilipohamia chuoni, mama alibaki peke yake. Tulikuwa na viti viwili. Kimoja nilikibeba mimi."

Akabonyeza tena. Jirani mwenye mimba anabisha hodi, amebeba kiti. Tena. Uzi unaanza kuwa sweta. Tena. Bwana mwenye kitambi yuko dukani, ananunua maua. Yuko barabarani, ananyeshewa. Yuko koridoni. Yuko mlangoni. Tena na tena, kutoka kushoto kwenda kulia kama vitabu vyote vya dunia ya Mungu, mpaka viti vikajaa na samaki akaiva.

Kicheko kilianzia nyuma. Kikaja mbele kama maji kwenye sakafu. Mama wa taulo, yule aliyenipigia makofi kwanza, alikuwa amelala kwenye bega la mwenzake. Halima aliziba uso kwa mtandio wake, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Papa Deo ndiye aliyenimaliza. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Na yule muuza maua, alinirudishia pesa?"

Nilikaa chini. Nikagundua bado nimeshika maikrofoni, na kwamba ukumbi mzima ulikuwa umenisikia nikisema, "Kumbe ndiyo maana samaki."

Mengine ya shughuli siyakumbuki vizuri. Zawadi alizungumza, watu walinunua vitabu, na Papa Deo alirudi mezani akavigeuza vyote tena. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kutoka bila kupita mbele ya mtu. Hakuna. Ukumbi ule una mlango mmoja.

Mama Zawadi alinikuta pale kwenye makoti. Nikaanza kumwomba radhi, akaniwekea sahani mkononi, sambusa na kipande cha samaki.

"Kula," akasema. "Kwa kusoma kwako, mwisho miye nilibaki peke yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulifurahi juu yangu?"

"Nilifurahi. Niliona una amani."

Akatikisa kichwa. Hakuwa anacheka sasa. "Ile wakati nilikuwa nakula nikisimama," akasema. "Kile kiti sikukikalia. Nilikuwa naona nikikaa, itakuwa kweli kwamba niko peke yangu. Zawadi hakujua. Aliona tu siku moja alipokuja, akachora."

Nilikuwa nimeutazama ukurasa ule mara tatu, nikahesabu hata mistari ya pazia, na sikujiuliza kwa nini hajakaa.

"Huyo bwana yako wa Alhamisi," akaendelea, "wakati aliondoka, uso wake ulikuwa unatazama wapi?"

Nikafikiri. Wekesa aliondoka vibaya. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akaupapasa mlango kwa mkono bila kuuangalia, akagonga kisigino kwenye kizingiti.

"Ndani," nikasema.

"Basi mupigie."

Nikatoka nje na sahani yangu, nikasimama kati ya duka la mihogo na kituo cha basi, nikampigia. Aliitikia haraka. Nikamwambia yote, kwa mpangilio sahihi safari hii.

"Ngoja nielewe," Wekesa akasema. "Ulikisoma kitabu kinyume, ukaniacha?"

"Ndiyo."

"Mara tatu."

"Nilikisoma mara tatu. Nilikuacha mara moja."

Nikasikia pumzi yake, na sikujua kama anacheka au anaudhika. Kisha akauliza lile ambalo nadhani alikuwa nalo tangu Alhamisi. "Kwa hiyo hukuwa umenichoka?"

"Nilichoka na maswali yako," nikasema. "Wewe sikukuchoka." Nikaongeza, kwa vile siku ilikuwa imeshaharibika na heshima sikuwa nayo tena, "Na ningependa kujua zile ndizi huwa ni za nini."

"Mwende," akasema, "ndizi zinauzwa kila mahali Kilburn. Mimi nazipandia treni kutoka Tooting. Wewe ulidhani ni za nini?"

Basi lilipita hapo, likanipa nafasi ya kutojibu.

"Njoo kesho," nikasema.

"Kesho siwezi. Uliponikatalia, nikabadilishana zamu na mwenzangu. Niko kwenye basi mchana kutwa."

"Basi gani?"

Akanitajia.

"Nitapanda," nikasema. "Nitakaa ghorofa ya chini, karibu na wewe."

"Hairuhusiwi kuzungumza na dereva."

"Sitazungumza. Nitasoma."

"Utasoma nini?"

"Hicho hicho. Kuanzia kushoto."

Akasema sawa. Ilikuwa "sawa" tofauti na ile ya Alhamisi, hata kwa simu niliisikia. Nikamaliza samaki wangu pale pale kituoni, nikarudi ukumbini kurudisha sahani (walinipigia makofi tena), nikapanda treni nikaja nyumbani.

Nilipofungua mlango nikakuta ujumbe wa Halima. Anasema nisijali, hawajawahi kuuza vitabu vingi hivyo kwa siku moja. Anasema pia Zawadi ameomba ruhusa yangu. Anataka kukichora kisa cha leo, na mama yake ameshakubali, na Papa Deo anataka mgao mkubwa wa picha. Zawadi anaahidi safari hii ataweka namba za kurasa.

Kibet, najua umefika hapa. Sema unalotaka kusema, nimekaa. Nyinyi wengine chekeni taratibu, kesho nina safari ya basi. Na Zawadi nimemjibu kwamba ruhusa anayo, ila kwa sharti moja: anichore mwembamba.